Kishale cha Panya Buku

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Mehjabin alipita kwanza barazani pa duka la vitambaa la baba yake, mzee Noordin, karibu na soko kuu la Morogoro. Hapo barazani alikaa Fundi Abdulmajid na cherehani yake. Mehjabin alimwamkia, akachukua sumaku, akaanza kuokota pini zilizodondoka sakafuni. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu darasa la pili, na aliipenda, maana akiinama pale aliyasikia mazungumzo yote ya wakubwa.

Neno alilolisikia kuliko yote lilikuwa "tayari". Mteja akija kuulizia gauni lake, Fundi Abdulmajid hakuinua hata kichwa.

"Tayari, dada. Bado vifungo tu. Pitia kesho."

Mteja alipoondoka na furaha yake, fundi alivuta mfuko kutoka chini ya meza, akatoa kitambaa ambacho hakijaguswa na mkasi, akakikung'uta vumbi. Mzee Noordin alitikisa kichwa. "Abdulmajid, ipo siku neno hilo litakushona wewe mwenyewe." Fundi alicheka, na Mehjabin naye akacheka. Kucheka ni rahisi kwa mtu asiyesubiri gauni.

Mehjabin alikuwa darasa la sita, na shuleni kwao alikuwa mwenyekiti wa klabu ya kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa sita tu, katika chumba chenye madirisha ya nondo kinachotazama mlima. Alijua kuchapa, alijua kuchora, alijua kuhifadhi kazi za wenzake waliokwama. Tena alijua kwamba anajua, na hapo ndipo balaa lake lilipoanzia.

Ijumaa ya juma lile ilikuwa siku ya wazazi. Mwalimu Deogratias, mlezi wa klabu, alimchagua Grace aonyeshe kazi yake mbele ya wageni. Grace alitoka Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, na mjini alikaa kwa shangazi yake, mtaa wa Kilakala. Tangu azaliwe macho yake yalikuwa na uoni hafifu. Alivaa miwani minene, akakaa dawati la mbele kabisa, na bado daftari alilisogeza mpaka likakaribia kugusa pua. Lakini kazi aliyoiandaa ilimpita kila mtu pale klabuni: kurasa kumi kuhusu panya buku, wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, pamoja na picha alizozichora kwa mkono wake.

Shida ilikuwa moja tu. Kishale, yaani kile kialama kidogo kinachotembea kwenye kioo cha kompyuta unaposogeza kipanya, Grace hakukiona. Walijaribu kukikuza, lakini weupe wake ulizama kwenye kurasa nyeupe.

"Kinanipotea kama sindano kwenye nyasi," Grace alisema.

"Basi tutakibadilisha," Mwalimu Deogratias alijibu. "Tutamchukua mmoja wa panya zako tumgeuze awe kishale. Mkubwa, wa rangi ya chungwa. Panya juu ya kipanya!"

Klabu nzima ilicheka. Kisha mwalimu akaanza kueleza kazi yenyewe.

"Sikilizeni. Picha ni picha na kishale ni kishale. Ili picha iwe kishale, lazima ipite kwenye programu ya kugeuza, hii hapa. Kwanza unafuta weupe unaomzunguka panya. Pili unachagua ukubwa. Halafu, na hili msilisahau, unaweka ncha, maana yake mahali pale kishale kinapogusa unapobofya. Ukimaliza unahifadhi, na jina la faili litaishia na nukta, kisha c, u, r. Mehjabin, wewe ndiye mwenyekiti, kazi hii ni yako."

"Sawa, Mwalimu," Mehjabin alijibu haraka. Kwa kweli alikuwa amesikia maneno ya mwisho tu. Muda wote ule Idrisa, rafiki aliyekaa naye, alikuwa akimfundisha kuigiza mlio wa kengele ya shule, na wote wawili walikuwa wamebana vicheko mpaka machozi.

Siku iliyofuata, Jumanne, Mwalimu Deogratias alikuwa akifunga madirisha alipogeuka na kuuliza, "Mwenyekiti, kishale tayari?"

Mehjabin hakuwa ameanza. Alitaka kuuliza jinsi ya kufanya, lakini mwenyekiti atauliza vipi jambo lililofundishwa jana? Akazikumbuka zile herufi tatu. Akalifungua jina la faili la picha, akafuta herufi za mwisho, akaandika c, u, r. Haikumchukua hata muda wa kupiga chafya.

"Tayari, Mwalimu!"

"Ndiyo maana nakuamini wewe," mwalimu alisema, na uso wake ulijaa furaha. Akamkabidhi ufunguo wa chumba. "Kesho naenda semina Turiani, nitarudi Alhamisi saa kumi jioni. Mwalimu Jesca ndiye wa zamu na nimemwarifu. Msaidie Grace afanye mazoezi kesho na keshokutwa."

Mehjabin aliuvaa ufunguo shingoni kwa kamba. Njia nzima aliushikashika ili watu wauone.

Jumatano baada ya masomo aliingia na Grace kwenye chumba cha kompyuta. Mlima ulikuwa umevaa ukungu na manyunyu yalikuwa yakianza. Alilichagua faili lake, akabofya, na kompyuta ikatoa kisanduku cha onyo: faili hili si kishale. Akajaribu tena, onyo likarudi. Jina lilikuwa la kishale, lakini ndani ilikuwa picha ile ile ya jana.

"Vipi?" Grace aliuliza.

"Kompyuta inasumbua kidogo. Nisubiri hapo nje, dakika tano."

Grace alitoka. Mehjabin aliifungua ile programu ya kugeuza, akaanza kubahatisha. Alifuta weupe, akabofya hapa, akabofya pale kwa haraka. Hakujua kwamba pamoja na weupe alikuwa amemfuta na panya mwenyewe. Alipohifadhi, kompyuta haikutoa onyo lolote, naye akashusha pumzi. Akakiweka kishale kipya.

Papo hapo kishale kikatoweka.

Alisogeza kipanya kushoto, hakuna kitu. Akasogeza kulia, hakuna kitu. Kikipita juu ya maandishi kilionekana kijistari chembamba, kikitoka hapo kinapotea tena. Alitaka kurudisha kishale cha zamani, lakini atabofya na nini? Alizima kompyuta kwa kitufe, akaiwasha upya. Kishale hakikurudi. Chumba kilimwia kidogo, nondo za dirishani zikaonekana kumkaribia. Ufunguo ulikuwa shingoni kwake, na hata hivyo aliyefungwa mle ndani alikuwa yeye.

Mlango ukasukumwa. Grace aliingia, mabega yamelowa manyunyu. "Tayari?"

"Tayari," Mehjabin alisema, maana neno hilo lilikuwa limekwisha kuzoea ulimi wake.

Grace alikaa, akashika kipanya, akasogeza uso karibu na kioo. Akasogeza zaidi. "Yuko wapi?"

Hapa palikuwa na mlango wa kutokea. Mehjabin aliuona kabisa, naye akaupita. "Yupo hapo. Hapo katikati."

"Simwoni."

"Jaribu tena."

Grace alivua miwani, akaifuta kwa sketi yake, akaivaa. Akatazama kwa muda mrefu. "Ni mkubwa?"

"Mkubwa."

"Wa rangi ya chungwa?"

"Ndiyo," Mehjabin alisema.

Grace alikiacha kipanya polepole, akachukua mkoba wake. "Labda nimechoka," alisema, akaondoka.

Idrisa alimngoja Mehjabin getini. Alipoambiwa yote, alikuna kichwa kidogo tu. "Mbona rahisi? Sema ni kirusi. Au sema umeme ulikatika. Au sema Grace ndiye aliyebofya vibaya, si ndiye aliyekaa hapo? Yeye mwenyewe haoni, atabishaje?"

"Idrisa!"

"Mimi nakusaidia tu. We si umeshabanwa?"

Mehjabin hakukubali, ila pia hakukataa. Alitembea akizihesabu njia zake zote na kila moja iliishia ukutani. Akisema kweli, si mwenyekiti tena. Akisema ni kirusi, mwalimu atakagua. Akimsingizia Grace, atamtazamaje tena usoni? Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na aliyeyamwaga ni yeye.

Barazani kwa baba yake alikuta watu wamesimama. Dada Rose, muuguzi aliyekuwa na sherehe ya kumuaga mdogo wake anayeolewa jioni ile ile, alikuwa ameshika kitambaa chake cha kijani, kizima, hata mshono mmoja hakina.

"Wiki nzima unaniambia tayari," alisema. "Tayari gani hii, Fundi?"

"Dada yangu, usikasirike," Fundi Abdulmajid alisema akitabasamu. "Niliposema tayari, nilikuwa na maana kwamba niko tayari kuanza."

Wapita njia waliangua kicheko. Dada Rose hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya duka, akakikunja kitambaa chake vizuri, mara mbili, mara nne, akakiweka magotini na kukitazama. "Nilipoagwa mimi, mama alinishonea gauni," alisema taratibu. "Leo nilitaka mdogo wangu anione nimependeza. Basi."

Mzee Noordin alitoka ndani na gauni lililotundikwa dukani kama mfano, akamwazima. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Mehjabin aliokota pini zote mpaka sakafu ikawa safi, kisha akaendelea kuinama pale pale, kwa sababu hakutaka baba yake auone uso wake.

Alhamisi wakati wa mapumziko alimkuta Grace amekaa peke yake nyuma ya darasa.

"Nimemwambia Mwalimu Jesca atafute mtu mwingine wa kuonyesha ile kazi," Grace alisema. "Mimi nitasimama pembeni. Na shangazi amempigia mama, amemwambia asishuke."

"Asishuke? Kwa nini?"

"Alikuwa aje na gari la mboga. Aje kuona nini sasa?" Grace alishika kingo za miwani yake. "Macho yangu yamezidi kuharibika, Mehju. Panya mkubwa vile, wa rangi ile, na mimi simwoni kabisa. Jana nilikaa mbele ya taa, nafumba jicho moja, nafumba jingine, najipima. Shangazi anasema tutakwenda hospitali. Lakini mimi najua, naenda kuwa kipofu."

Mehjabin aliketi chini kando yake. Alikuwa amehesabu kila kitu atakachopoteza yeye, ila hili hakulihesabu.

"Hakuwepo," alisema.

"Nani?"

"Panya. Hakuwepo, Grace. Hata mimi simwoni. Hakuna mtu duniani angemwona. Nilimfuta kwa bahati mbaya, nikaogopa, nikakudanganya. Macho yako hayajazidi."

Grace alimgeukia. "Na wewe ulijua hayupo."

"Nilijua."

"Nikafuta miwani, na wewe unaniangalia."

"Ndiyo. Nisamehe."

Grace alisimama, akaondoka. Alifika kwenye kona ya darasa, akasimama, akarudi. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti yake ilikuwa kali. "Kusamehe baadaye. Gari la mboga linaondoka kesho alfajiri. Nani atamwambia mama yangu?"

Walikwenda ofisini kwa Mwalimu Jesca. Mehjabin aliamkia, akaeleza yote akiwa amesimama wima, kisha akaomba simu. Mwalimu Jesca alipiga namba ya shangazi, akampa.

"Shikamoo, Shangazi. Naitwa Mehjabin, nasoma na Grace. Macho ya Grace ni yale yale, hayajazidi. Kompyuta haikuwa na kitu, na mimi nikamwambia kipo. Nilisema uongo. Tafadhali mwambie mama yake ashuke."

Upande wa pili shangazi alipumua kwa nguvu. "Mtoto wewe! Unajua tumelala vipi nyumba hii?" Simu ikakatika. Mehjabin alirudisha simu kwa mikono miwili. Mashavu yalimwaka kwa aibu, lakini kifua chake, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, kilipata hewa.

Saa kumi jioni Mwalimu Deogratias alirudi kutoka Turiani, nguo zina vumbi la safari. Mehjabin alimngoja mlangoni pa chumba cha kompyuta pamoja na Grace, ufunguo mkononi. Alimweleza tangu zile herufi tatu mpaka simu ya shangazi, na jina la Idrisa hakulitaja. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, alinyoosha mkono, akachukua ufunguo, akampa Grace. Mehjabin alijua hilo linakuja, na bado lilimuuma.

Mwalimu alikaa mbele ya kompyuta. Kipanya hakukigusa kabisa. Vidole vyake vilitembea kwenye kibodi, kitufe hiki, kitufe kile, na kishale cheupe kikarudi. Haikuchukua hata dakika mbili.

Mehjabin alitamani kulia. Siku mbili amefungwa kwenye gereza ambalo mlango wake ulikuwa wa dakika mbili!

"Mwalimu," alisema, "nifundishe tena tangu mwanzo. Siku ile sikusikiliza."

"Sasa hilo ni swali la mwenyekiti," mwalimu alisema. Akafundisha, na Mehjabin akafanya kwa mkono wake mwenyewe. Alifuta weupe taratibu, akiangalia asiguse hata sharubu moja ya panya. Akachagua ukubwa. Akahifadhi, akaweka. Panya buku wa rangi ya chungwa akatokea kwenye kioo, mnene, pua yake ndefu imenyooshwa mbele.

"Tayari?" mwalimu aliuliza.

Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Akalizuia. "Bado, Mwalimu. Grace hajajaribu."

Grace alikaa, akasogeza uso. Pumzi ilimtoka. "Namwona," alisema. "Namwona mpaka mkia." Akaipeleka pua ya panya juu ya neno "Anza" na kubofya. Hakuna kilichotokea. Akabofya tena, hakuna. Akasogeza panya mbele kidogo, mkia wake ulipopita juu ya lile neno akabofya, na ukurasa ukafunguka. Grace aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea. "Mehju, panya wako anabofya kwa mkia."

Wote walicheka. Mehjabin alikumbuka: ncha! Alirudi kwenye programu, akaiweka ncha pale pale kwenye pua, akahifadhi. Grace akajaribu kurasa zote kumi, moja baada ya nyingine, mpaka wa mwisho. Ndipo Mehjabin aliposema, kwa sauti ndogo, "Tayari."

Ijumaa Grace alisimama mbele ya wazazi. Mama yake alikaa mstari wa mbele, amefunga kanga, miguuni ana furushi la karoti alizowaletea walimu. Panya wa rangi ya chungwa alitembea kwenye kioo, akanusa neno hili, akanusa lile, na kurasa zikafunguka. Mama Grace hakuelewa mambo yote ya kompyuta, ila alielewa kwamba mwanawe anaona anachokifanya, akapiga vigelegele mpaka walimu wakageuka.

Wageni walipoondoka, Mwalimu Deogratias aliiita klabu yote.

"Mmejifunza kutengeneza kishale," alisema. "Basi mjifunze na hili. Ukibadilisha jina la faili, kilichomo ndani hakibadiliki. Kazi ambayo haijafanyika ukiiita tayari, bado haijafanyika, na yupo mtu mahali anaingoja. Kishale kizuri kinagusa pale pale kinapoonyesha. Neno la mtu nalo liwe hivyo. Kusema 'bado' si aibu, na kuuliza si ujinga. Aibu ni kumwacha mwenzako afute miwani yake wakati wewe unajua kosa liko wapi."

Mehjabin alisikiliza kila neno. Idrisa, pembeni yake, alikuwa akitazama viatu vyake.

Jumatatu iliyofuata, Grace alikuja chumba cha kompyuta akiwa na ufunguo shingoni na karatasi mkononi. Alikuwa amechora panya wa pili, amejikunja amelala, ili atokee pale kompyuta inapomfanya mtu asubiri. Alimpa Mehjabin karatasi bila maneno mengi. Bado hawakuwa kama zamani, na Mehjabin hakudai wawe.

Jumanne Grace alichungulia mlangoni. "Mehju, panya anayelala tayari?"

Mehjabin aliinua macho kutoka kwenye kioo. Sharubu mbili zilikuwa hazijakaa sawa.

"Bado," alisema.

Grace alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Sawa," alisema. "Nitasubiri."